Safi ya nani? Kwa wanaoanza utafiti wa bakteria, kemia na sayari

Ukijiunga na timu inayochanganya mikrobiolojia, kemia na sayansi ya sayari, utadhani kitakachokutoa jasho ni mitambo au hesabu. Mimi kilinitesa kineno kimoja: safi.

Kwa mtu wa bakteria, chupa safi ni ile iliyotoka kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, robo saa au zaidi. Humo hakuna kilicho hai. Mpe mkemia chupa hiyohiyo, ataona makaburi: bakteria wamekufa, ndiyo, lakini mafuta na asidi amino zao, yale matofali ya protini, zimebaki. Yeye vyombo vyake vya kioo huvifunga kwa karatasi ya alumini na kuvichoma tanurini kwa nyuzi 450 hadi 500, saa kadhaa, mpaka kaboni iungue. Mtu wa sayari naye hatulii hata hapo. Anataka kujua sampuli imegusa nini tangu ilipookotwa, na nani aliigusa. Hana kosa, maana alama ya kidole tu huacha asidi amino, hasa serini.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata kilele kirefu ajabu kwenye grafu ya mashine, kutoka udongo wa jangwani, dutu yenye kaboni 22. Wiki tatu nikitembea na makala kichwani, hadi kichwa cha habari nilishakipanga. Fundi wa mashine akaniuliza, bila hata kuinua macho, "Blanki yako iko wapi?" Alimaanisha sampuli tupu inayopitishwa hatua zote ili kuona uchafu unaoingia njiani. Sikuwa nayo. Nikachukua mchanga uliochomwa tanurini, nikautia kwenye mfuko kama ule wa sampuli, nikaupitisha hatua zote. Kilele kikasimama palepale. Ilikuwa erukamaidi, kilainishi kinachotiwa kwenye plastiki ili mifuko isigandane.

Kwa hiyo blanki ianzie pale unapookota sampuli, si maabara. Siku hizi kila sampuli tano nazisindikiza na blanki moja. Wanaolalamika kwamba inakula muda wa mashine nawaacha walalamike.

Ila usidhani kila kitu kinachofanana na uchafu ni uchafu. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi, vikapasha udongo moto hadi nyuzi 500 kutafuta molekuli za kikaboni, zile zilizojengwa kwa kaboni kama za viumbe hai. Kilichoonekana ni klorometani na diklorometani kidogo, vikahesabiwa kuwa mabaki ya viyeyusho vya kusafishia kutoka duniani. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta perikloreti kwenye udongo wa Mirihi. Chumvi hiyo ikipashwa moto huharibu molekuli za kikaboni, na mwaka 2010 watafiti walipoichanganya na udongo wa jangwa la Atacama na kuupasha moto, zikatoka gesi zilezile mbili. Huenda basi Viking walikuwa na ushahidi wa molekuli hizo mkononi. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu matokeo ya 1976 yalikuwa yametunzwa.

Upande wa pili kuna bakteria wa Ziwa Mono huko California, GFAJ-1, aliyetangazwa mwaka 2010 kwamba anaweka aseniki, ambayo ni sumu, kwenye DNA badala ya fosforasi. Wakosoaji waliuliza maswali ya mtu wa blanki: chakula chake kilikuwa na fosfati (fosforasi katika umbo linalotumiwa na viumbe) kiasi gani iliyojipenyeza, na DNA ilioshwa vya kutosha? Mwaka 2012 tafiti mbili zilionyesha kuwa bado anahitaji fosfati, anavumilia aseniki tu. Jarida la Science liliiondoa makala hiyo mwaka 2025.

Kuhusu kuchapisha nitasema machache. Kubalianeni mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza na nani wa mwisho, kwa sababu kila fani inausoma mpangilio huo kivyake. Jisajilie namba ya ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, kabla ya makala ya kwanza. Ukitaka kuipa jina spishi mpya ya bakteria, lazima uiweke kwenye hifadhi mbili za bakteria za nchi tofauti, na hilo huchukua miezi, anza mapema. Mfuatano wa jeni upeleke GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano hiyo, na usingoje mhariri akukumbushe.

Daftari nalo liandikie kila kitu, hata aina ya glavu na namba ya boksi lake. La kwangu la mwaka ule lina kurasa tatu za kile kilele cha kaboni 22, zimejaa mishale na alama za mshangao. Pembeni, kwa wino mwekundu, kuna neno moja: mfuko.