Mwalimu mpya wa Kiingereza, anza na michezo ya kukisia

Ukipangiwa Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, utapokea watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo ratibani, na sasa biolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza. Maneno wanayo kuliko unavyodhani. Kinachowakwaza ni kwamba hawana sababu ya kufungua mdomo mbele ya wenzao. Mchezo wa kukisia unawapa sababu: mwenzio anajua kitu, nawe hukipati mpaka uulize.

Kukisia kwenyewe hawahitaji kufundishwa. Wamekua na "Kitendawili!" na "Tega!", na asiyeweza kutegua hutoa mji. Chukua desturi hiyo kama ilivyo. Kundi likishindwa linatoa mji, tuseme Tanga, na aliyeficha jibu anasimulia safari yake huko kwa Kiingereza kabla ya kulitoboa: I went to Tanga, I ate fish, I saw the harbour. Umepata wakati uliopita bila kuutangaza.

Mchezo wa msingi ni huu: mmoja anashika kadi yenye picha, wengine wanauliza maswali ya ndiyo au hapana. Hapa ndipo walimu wengi wapya hufurahia kelele wakadhani somo limekwenda. Kwa Kiswahili, "Ni mnyama" inageuka swali kwa kupandisha sauti tu. Basi mtoto atauliza "It is an animal?", mwenzake atamwelewa, atamjibu, na kipindi kizima kitapita hivyo bila sarufi kusogea hata hatua. Weka sheria: mwenye kadi hasikii swali lisiloanza na Is it, Does it au Can it. Yaandike matatu hayo ubaoni, kisha nyamaza. Mwenye kadi akikaa kimya, kundi lenyewe litamkumbusha muulizaji, maana wanataka jibu. "Does it has" nayo itazuka. Iongeze kwenye orodha ya yasiyosikika kuanzia raundi ya pili.

Maswali ya kukanusha yapige marufuku wiki za mwanzo. Kwetu mtu akiuliza "Si mnyama?", jibu "ndiyo" linaweza kumaanisha ndiyo, si mnyama. Mwingereza hapo husema "No, it isn't". Watoto wakianza na "Isn't it", mwenye kadi atajibu kwa mantiki ya nyumbani, wenzake watapokea jibu kinyume, na ugomvi utakaofuata hautakuwa wa Kiingereza. Jambo hilo ni zito, lina kipindi chake. Lilete baadaye ukiwa na mifano na muda wa kutosha.

Ninaoupenda kuliko yote ni wa kukisia mtu maarufu. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika "anaimba", kwa hiyo he na she huchanganywa hata na watu wazima waliosoma. Katika mchezo huu kosa hilo lina gharama. Wakishajua mhusika ni mwanamke, atakayeuliza "Does he sing?" anajibiwa "No", na swali limeliwa. Halafu chagua watu kwa makusudi. Aliye hai, kama Mbwana Samatta, anavuta maswali ya wakati uliopo. Bi Kidude au Julius Nyerere wanalazimisha Did she sing? na Was he a teacher? Swali la kwanza lenye akili linakuwa "Is this person alive?", maana ndilo linaloamua vitenzi vyote vitakavyofuata. Darasa likifika hapo, linafikiri kwa sarufi.

Idadi ya wanafunzi isikutishe, ila usimsimamishe mmoja mbele na kuwaacha sabini wakitazama. Geuza madawati, makundi ya watano au sita, kadi za boksi kwa kila kundi. Maswali kumi yanatosha. Ishirini hayaingii vizuri katika dakika 40. Na kutaja jibu moja kwa moja kuhesabiwe kama maswali mawili, la sivyo wajanja watamwaga nomino tu: goat, cow, hen!

Kwa must, might na can't, tafuta kiroba, tia ndani kitana, betri, kitunguu, gunzi la mahindi. Mtoto anapapasa bila kuchungulia: It might be an onion. It can't be an onion, it's too hard. Maelezo ya ubaoni juu ya vitenzi hivi hayafikii nusu ya mkono ndani ya kiroba.

Kuigiza kitendo, wenzake wakauliza "Are you sweeping?", kunafaa kwa wenye haya, na hakuhitaji maelezo mengi. Ule wa kukisia herufi huku ukichora mtu anayenyongwa mimi siuchezeshi: picha yake siipendi, na hakuna sentensi hata moja inayosemwa.

Mwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani. Wakibishana kwa Kiswahili kuhusu nani kadanganya, waache. Sharti la Kiingereza liwe kwenye maswali na majibu ya mchezo tu. Kile kibao cha kumvisha aliyesema Kiswahili kisiingie darasani kwako kabisa, kwa sababu kinawafundisha kunyamaza, nawe umehangaika na kadi ili waseme.

Bakiza dakika tano. Kila mmoja aandike daftarini maswali matatu yaliyoulizwa kundini mwake, pamoja na majibu. Ukisahihisha, anza na kitenzi kisaidizi na mpangilio wa maneno. Tahajia iachie siku nyingine.