Maswali ya Wasomaji: Praimu ya Bei Nafuu, ya 35 au ya 50?

SWALI: Nina Nikon D3500 na lenzi yake ya 18-55. Napiga zaidi watoto na ndugu wakiwa ndani ya nyumba, na picha nyingi zinatoka na giza au zimetikisika. Nimeshauriwa ninunue praimu, yaani lenzi isiyovuta, ya 50mm f/1.8. Nimeona mbili: AF 50mm f/1.8D, na AF-S 50mm f/1.8G iliyo ghali zaidi. Je, nichukue ile ya bei ndogo?

JIBU: Hapana, usiichukue. Hiyo ya bei ndogo ni ya aina ya AF-D (herufi D mwishoni mwa jina), na lenzi ya AF-D haina mota. Fokasi yake huzungushwa na mota iliyomo ndani ya kamera, na D3500, kama kamera zote za safu za D3000 na D5000, haina mota hiyo. Lenzi itakaa na picha utapiga, ila fokasi utaizungusha kwa mkono huku ukisubiri kitone cha kijani kiwake ndani ya kioo cha kuchungulia. Kwa mtoto anayekimbia, hiyo ni kazi bure. Kuitambua si vigumu: geuza lenzi utazame kitako chake. Kwenye ukingo wa chuma utaona kichwa kidogo chenye mfuo kama cha skrubu, na mwilini kuna pete yenye namba za f, yaani za ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, kuanzia 1.8 hadi 22. AF-S 50mm f/1.8G haina vitu hivyo viwili. Hata ukihamia kamera za Nikon Z baadaye, adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi hizi na kamera hizo, nayo haina mota, kwa hiyo fokasi ya AF-D itabaki ya mkono.

Lakini hata hiyo 50 yenyewe tunakuomba uifikirie upya. Sensa ya kamera yako, yaani kile kibati kinachonasa mwanga, ina upana wa milimita 23.5 tu, hivyo 50 huona eneo dogo, sawa na 75 kwenye sensa kubwa zaidi iitwayo ya fremu kamili. Ili mtu mzima aliyesimama aenee kichwa mpaka viatu, kamera ikiwa wima, itakubidi urudi nyuma karibu mita 4. Watu watano bega kwa bega, kamera ikiwa imelala, wanataka mita 5 na ushee. Sebule nyingi hazina nafasi hiyo. Utagonga mgongo ukutani kabla ya kumpata wa mwisho. Kwa AF-S DX 35mm f/1.8G, picha hizohizo unazipata kwa mita 3 na mita 4 zisizotimia. Ina mota yake, uzito wake ni gramu 200, na kwa picha ulizozitaja ndiyo tungeitanguliza bila kusita. Anza na 50 ikiwa unachotaka hasa ni uso na mabega.

Unaweza kuhakikisha kabla ya kutoa fedha. Zungusha lenzi yako ya 18-55 mpaka 35, bandika kipande cha utepe juu ya pete isisogee, piga hivyo wiki nzima. Wiki inayofuata fanya vivyo hivyo kwenye 50. Utajua haraka ipi inakubana.

Kuhusu giza na mtikisiko: lenzi yako ikivutwa mpaka mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Tundu la f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Picha iliyohitaji sekunde 1/15 sasa utaipiga kwa 1/125, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ikiwa ileile.

SWALI: Nimeshanunua 50mm f/1.8. Nikipiga uso kwa f/1.8, mara nyingi pua au sikio ndilo linalotoka kali na macho yamefifia. Lenzi ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, kwenye sensa ndogo kama ya D3500, sehemu iliyo kali kwa f/1.8 ina kina cha sentimita 6 hivi. Mtu akiinama kidogo tu, jicho limeshatoka. Acha kuiachia kamera ichague: weka nukta moja ya fokasi, ipeleke juu ya jicho lililo karibu nawe, upige papo hapo. Usishike fokasi kwa nukta ya katikati kisha ugeuze kamera kupanga picha, maana ule mgeuko peke yake unatosha kuhamisha fokasi. Funga tundu hadi f/2.8, utapata kama sentimita 10, na mandharinyuma bado yatalainika.

Kama tatizo halijaisha, simamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, laza futi ya kupimia kwa mshazari mbele yake, kisha ulenge namba mojawapo. Piga mara kadhaa kwa kuchungulia, halafu mara kadhaa kwa fokasi ya skrini ya nyuma. Kwenye kamera yenye kioo, ukichungulia, fokasi hupimwa na kipimio cha pembeni. Kwenye skrini hupimwa na sensa yenyewe. Ikiwa za skrini ni kali na nyingine zimekosea upande uleule kila mara, kamera na lenzi havijalingana. Baadhi ya kamera zina mpangilio wa kusahihisha hilo kwenye menyu. Isiyo nao ipeleke kwa fundi pamoja na lenzi, au ubadilishiwe lenzi ikiwa dhamana ingalipo.

SWALI: Lenzi za TTArtisan na Viltrox zenye fokasi ya otomatiki zinafaa?

JIBU: Zinafaa, ila soma jina lote. TTArtisan inauza pia praimu nyingi za fokasi ya mkono zenye milimita zinazokaribiana na hizo. Tafuta herufi AF, yaani fokasi ya otomatiki. Jambo la pili ni programu ya ndani ya lenzi. Kamera yako ikisasishwa, fokasi inaweza kuanza kusuasua mpaka lenzi nayo isasishwe. Lenzi nyingi za Viltrox zina mlango wa USB kwenye kitako. TTArtisan AF 27mm f/2.8 husasishwa kupitia kifuniko chake cha nyuma, ambacho ndicho chenye mlango wa USB-C. Ukinunua iliyotumika, dai kifuniko hicho hicho.