Je, Kuihofia Bahari ni Kukosa Tawakkul (Kumtegemea Mwenyezi Mungu)?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama, ninaishi Pemba, na mwanangu anasoma Unguja. Tangu tuondokewe na jamaa zetu katika MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011, kila anapovuka silali. Jirani yangu anasema hofu hii ni udhaifu wa imani, na kwamba kumkataza asipande chombo kilichojaa ni kuikimbia kadari. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyezi Mungu awarehemu jamaa zenu, nasi tunawatarajia daraja ya mashahidi, kwani Mtume (S.A.W.) amemtaja aliyekufa maji miongoni mwao, basi asikutie mtu shaka kwamba Mola wao aliwatupa.

Hofu inayomjia mtu bila ya kuitaka si dhambi. Mtazame mama yake Nabii Musa katika Surat al-Qasas. Aliamrishwa amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni, akaahidiwa kwamba atarudishiwa. Ahadi ya Mola anayo, na bado Qur'ani inatueleza kwamba moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuitoa siri lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu. Kisha akamwambia binti yake: mfuatie. Msichana akawa anamwangalia nduguye kwa mbali, na watu hawatambui. Nakuomba utue hapa, mama, kwa sababu wengi hupita haraka: aliyeahidiwa hakuona kwamba kumtuma binti yake ni kuitilia shaka ahadi, na ni binti huyo huyo aliyewaonyesha watu wa Firauni nyumba ya kumlea, hata mtoto akarudi kifuani pa mama yake.

Ama hilo la kadari, Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipopata habari ya tauni iliyozuka Sham (upande wa Syria) akaazimia kurudi na watu wake, sahaba Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo mwanao akiona boti imejaza kupita kiasi, au kusi imeichafua bahari, akashuka na kungoja siku ya pili, hajatoka katika tawakkul hata kidogo. Jirani yako amekusudia kheri, lakini katika hili amekosea.

Siku ya safari, muage kwa maneno aliyokuwa Mtume (S.A.W.) akimuagia msafiri: “Astawdi'u Llaha diinaka wa amaanataka wa khawaatiima amalik,” yaani, ninamkabidhi Mwenyezi Mungu dini yako, amana yako na hatima ya amali zako. Ukishaikabidhi amana hiyo, na usingizi usipokuja, tia udhu uswali rakaa mbili, umwombee. Kumsubiri akupigie simu kwamba ameshashuka Malindi, bandarini Unguja, hakuipunguzi amana uliyoiweka.

Wallahu a'lam.