Usichomoe betri lori likiwa linaunguruma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nipo Kibaigwa na semi tangu Jumatatu, nasubiri kupakia mahindi. Usiku tulikuwa tunasikiliza redio na kuchaji simu. Leo asubuhi stata inalia tik tik tik, basi. Kuna fundi hapa ana betri mbili nzima. Anasema atatoa zangu, afunge zake, niwashe, halafu injini ikiwa inaunguruma achomoe zake anirudishie zangu, alteneta izijaze njiani. Gari langu ni la kontroo boksi (kompyuta ya injini), siyo la pampu ya zamani. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, kaka. Mzuie kwanza asishike spana, ndipo uendelee kusoma.

Hii kauli ya "gari likishawaka halihitaji betri" naisikia karibu kila wiki, na kinachonichosha ni kwamba wanaoisema wana ushahidi. Walifanya hivyo kwenye malori ya zamani na yakafika Dar. Ni kweli, injini ya pampu ya kawaida ikishawaka inaendelea kuunguruma hata ukiinyima umeme karibu wote. Ila hata enzi hizo dayodi za alteneta, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zilikuwa zinaungua, tukiilaumu alteneta yenyewe.

Betri haikai pale kwa ajili ya kuwasha tu. Muda wote injini inapozunguka, yenyewe ndiyo inayoupokea na kuutuliza umeme wa alteneta. Sasa, betri iliyotoka kupiga stata ina njaa, kwa hiyo alteneta inaisukumia ampia nyingi. Ukiichomoa ghafla, alteneta haijui. Ni kama kijana aliyeegemea mlango kwa nguvu zake zote, mtu akaufungua kwa ndani. Kwa sehemu ya sekunde volti zinaweza kuruka kutoka 28 hadi kuvuka 100, na zinaingia popote palipo wazi: kontroo boksi, dashibodi, hata redio yako.

Niliwahi kuletewa lori hapa Kizota, Dodoma, likiwa limevutwa. Dereva alinieleza vizuri kuliko mita yoyote ya umeme: "Alipochomoa, taa ziliwaka nyeupe kama mchana, halafu kimya." Nilipofungua boksi, harufu ya kuungua ilinipiga puani kabla sijaona kitu, na kwenye bodi kulikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya mtama. Doa hilo lilimgharimu tajiri milioni kadhaa, na yule aliyechomoa betri alishaondoka na elfu thelathini yake.

Betri za huyo fundi zinafaa, tatizo ni anavyotaka kuzitumia. Zako zibaki zimefungwa mahali pake. Zake aziweke chini pembeni, aziunge mbili kwa mfululizo zitoe volti 24. Kabla ya waya kugusa chochote, ziangalie zako: zikiwa zimevimba, zimepasuka au zinanuka yai viza, usibusti (usiwashe kwa betri za kuazima), nunua nyingine. Zikiwa sawa, zima funguo na kila kinachotumia umeme. Waya wa chanya uanzie kwenye chanya ya mwisho ya betri zako, siyo pale kwenye kiungo cha kati kinachounganisha betri mbili. Hapo ni volti 12. Kibanio cha hasi ndicho cha mwisho, nacho kishike chuma kitupu cha injini au chasisi, mbali na betri. Cheche ya mwisho haikosekani, na betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Sigara zikae mbali. Waya ziwe nene kama kidole gumba. Zile nyembamba za gari dogo zitayeyuka mikononi mwenu.

Piga stata sekunde 10 tu, pumzisha dakika mbili, rudia. Likiwaka, liache lisinzie kama robo saa waya zikiwa bado zimeshikwa. Washa taa kubwa na feni ya kabini, ndipo utoe waya kwa kuanzia hasi ya chasisi. Taa hizo zinameza ule mruko mdogo unaotokea waya zinapoachia.

Hao wa kuchomoa wana ndugu zao wengi barabarani. Kuna anayeleta Noah ya volti 12 kubusti semi. Kuna mwenye mashine ya kuchomelea, anayesema umeme ni umeme. Kuna anayeongeza maji makali (asidi) kwenye betri iliyokauka, wakati kilichopotea kwa joto la Dodoma ni maji tu na dawa yake ni maji safi ya betri yasiyo na asidi (distilled). Na kuna anayekuuzia betri moja mpya uiunge na moja iliyochoka, ambayo itaiua mpya ndani ya miezi. Wote hawa huwaoni na mita. Fundi umeme asiye na mita ni sawa na mpima mizigo asiye na mizani, na wewe uliyekaa Kibaigwa siku tatu unajua thamani ya mizani.

Ukishawasha, tafuta mwenye mita hata kwa kuazima. Injini ikizunguka, betri zako mbili kwa pamoja zisome kati ya volti 27.5 na 28.5. Zikibaki 24 na kitu hata ukikanyaga mafuta, alteneta haichaji, na redio ya usiku mmeionea bure. Huyo fundi mlipe kwa kuazima betri zake, spana abaki nayo mfukoni.