Kuhusu mji wa St. Petersburg katika fasihi ya Kirusi

Ndugu, umeeleza kwamba umesoma riwaya ya "Uhalifu na Adhabu" ya Dostoevsky, ukashangaa kuona mji wa joto, uvundo na ngazi zenye giza, ilhali picha za St. Petersburg huonyesha makasri. Nawe unauliza usome nini ili uuelewe.

Nakushauri uanze na utenzi ambao mshairi Pushkin aliutunga mwaka 1833 kuhusu sanamu ya shaba ya Peter Mkuu akiwa juu ya farasi, mfalme aliyeanzisha mji huo mwaka 1703 kwenye ardhi ya kinamasi, mdomoni mwa mto Neva. Utenzi unafungua kwa kuusifu mji kwa mapenzi ya dhati, kisha unatuingiza katika mafuriko ya mwaka 1824, ambamo Yevgeny, karani wa hali ya chini, anampoteza mchumba wake na kurukwa na akili. Anaikabili sanamu, anaitishia kwa maneno machache, halafu anakimbia usiku kucha akisikia kwato za shaba zikimfuata. Hapo soma polepole, kwa sababu Pushkin hamtetei mfalme moja kwa moja wala hamhukumu, na nadhani waandishi waliomfuata waliurithi mvutano huo.

Baadaye soma hadithi ya Gogol ya mwaka 1842 kuhusu karani aliyeporwa koti lake jipya. Ukirudi kwa Dostoevsky, mtazame Raskolnikov, mhusika mkuu wa riwaya ile, akipita karibu na uwanja wa Sennaya: naye ni mkazi mnyonge wa mji uleule uliojengwa kwa amri.