Ukipewa kazi ya kuandika historia ya klabu ya makasia, anza na ankara

Ukiombwa kuandika historia ya klabu ya makasia ya chuo, watu watakuletea vikombe kwanza. Halafu picha za mashua za ubingwa, halafu makasia yaliyotundikwa ukutani, yenye majina ya wapiga makasia wanane na mshika usukani wao kwa rangi ya dhahabu. Pokea, shukuru, weka kando. Nilikuwa miongoni mwa walioandaa historia ya klabu ya chuo chetu pale Cambridge, na anayekabidhiwa kazi kama hiyo leo namwambia jambo moja: tafuta daftari la mweka hazina kabla ya kitu kingine chochote.

Kombe linamtaja aliyeshinda, basi. Daftari la hesabu linamtaja aliyelipwa, aliyedaiwa, aliyevunja vioo usiku wa karamu ya ushindi na aliyetumwa kununua vanishi. Tena daftari halijisifu. Katibu wa klabu akiandika taarifa ya mwaka atakuambia timu ilipigana kiume; mweka hazina anaandika kwamba mashua mpya haijalipiwa hadi leo.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo kidogo. Chuo Kikuu cha Cambridge kina vyuo vingi ndani yake, na karibu kila kimoja kina klabu yake ya makasia. Mto Cam ni mwembamba, mashua za watu wanane haziwezi kushindana ubavu kwa ubavu zikaenea. Kwa hiyo tangu 1827 hupangwa mstari mmoja, kati ya mashua na mashua pakiachwa nafasi ya kama urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia unamfukuza aliye mbele huku unamkimbia aliye nyuma. Ukimgonga wa mbele, kesho yake mnabadilishana nafasi. Mbio huchukua siku nne, na mahali mlipomalizia ndipo klabu itakapoanzia mwaka unaofuata, hata kama waliopiga makasia wote wameshahitimu na kuondoka.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Nafasi mtoni hurithiwa. Chati za matokeo zinakuonyesha mstari wa chuo chako ukipanda na kushuka kwa karne nzima na zaidi, ukikatizwa mara chache, kama wakati wa vita. Lakini chati haikuambii kwa nini mstari umeporomoka. Ukiuona umeshuka miaka mitano mfululizo, rudi kwenye daftari la miaka ileile uangalie: je, mashua ilikuwa kuukuu, ada za wanachama zilipungua, au fundi aliondoka? Mara nyingi jibu liko kwenye safu ya matumizi.

Kuzisoma hesabu zenyewe kunataka mazoea. Kabla ya Februari 1971 Uingereza ilihesabu fedha kwa safu tatu: pauni, shilingi na peni. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, na peni huandikwa kwa herufi d. Usijumlishe kwa kikokotoo kabla hujabadilisha zote kuwa peni. Angalia na miaka pia. Mwaka wa masomo huanza Oktoba, kwa hiyo nahodha wa 1887 anaweza kuwa alichaguliwa 1886. Na mbio ziitwazo za Mei hufanyika Juni. Usiniulize kwa nini hawabadilishi jina. Cambridge haibadilishi kitu kwa sababu ndogo kama hiyo.

Sasa turudi kwa fundi, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Kila klabu yenye uwezo iliajiri fundi wa mashua. Alikarabati mbao zilizopasuka baada ya kugongwa, alipaka vanishi, alitunza banda, na mara nyingi ndiye aliyewafundisha vijana wapya kushika kasia. Kwenye daftari utamkuta wiki baada ya wiki: ujira wake, misumari yake, mafuta yake, na pale pembeni kwa wino uliofifia, malipo ya ziada kwa kazi ya usiku mbio zikiwa zimekaribia. Kwenye picha za ubingwa hayumo. Au yumo amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na maelezo chini ya picha yanataja kila mtu isipokuwa yeye.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mashindano ya Henley, yaliyoanza 1839 kwenye mto Thames, yalitoa kanuni 1879 ya nani anastahili kuitwa mwanamichezo wa ridhaa. Fundi mitambo, fundi wa mikono au kibarua, yeyote aliyewahi kufanya kazi hizo kwa ujira, alikuwa nje. Mtu aliyekuwa mtoni kila siku ya maisha yake hakuruhusiwa kushindana na vijana aliowafundisha mwenyewe. Kanuni ya namna hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1936 timu ya Australia iliyokuwa njiani kwenda Olimpiki ya Berlin ilikataliwa Henley kwa sababu wachezaji wake walikuwa polisi. Ukiandika historia ya klabu ya wakati huo ukayaacha haya, umeandika orodha ya zawadi.

Ubaguzi ulikuwepo hata ndani ya chuo kimoja. Pale Trinity palikuwa na klabu iliyoitwa ya Kwanza, ya 1825, na nyingine ya Tatu kwa ajili ya waliotoka shule za kifahari za Eton na Westminster. Ziliungana 1946. Kwa hiyo ukikuta klabu yako imebadili jina au imeungana na nyingine, usiipitishe kwa sentensi moja. Uliza nani alikuwa hatakiwi wapi.

Wanawake nao utawapata kwenye karatasi kabla hujawaona kwenye vikombe. Newnham, chuo cha wanawake, kilikuwa na klabu yake ya mashua tangu 1893, wakati Cambridge iliwapa wanawake shahada kamili 1948 tu. Mbio za kwanza za wanawake wa Oxford na Cambridge, 1927, hazikuwa za ubavu kwa ubavu: kila timu ilipita peke yake ikapewa alama za mtindo na za muda. Vyuo vya wanaume vilianza kupokea wanawake 1972, na chuo cha mwisho kilifungua mlango 1988. Kama chuo chako ni kimojawapo, tafuta hesabu za miaka ya mwanzo uone timu ya wanawake ilipewa mashua gani. Kwetu walirithi ile ambayo wanaume walikuwa wameiacha, na ushahidi ni kwamba daftari lina gharama za kuiziba tu, za kununua hazimo.

Mwaka wa kuanzishwa kwa klabu ni mahali pa ugomvi. Kila klabu inataka kuwa kongwe. Huko Oxford hutajwa mbio za 1815 kati ya vyuo vya Brasenose na Jesus. Cambridge, klabu ya Lady Margaret ya chuo cha St John's hujivunia 1825. Kwa klabu yako, tenganisha mambo matatu: mara ya kwanza wanafunzi walipopanda mashua kujifurahisha, mara ya kwanza jina la chuo lilipoingia kwenye chati, na kikao cha kwanza kilichoandikwa. Yataje yote matatu, kisha wazee wachague wanalotaka kuchapa kwenye fulana.

Picha zisizo na tarehe zinaweza kusomwa kwa vifaa vilivyomo. Viti vinavyoteleza vilianza kushika mapema miaka ya 1870. Timu zote mbili za Oxford na Cambridge zilivitumia 1873. Kwenye makasia tazama ubapa wake: ule mpana uliolingana pande zote mbili ulienea baada ya 1959, na ule wenye umbo la shoka, usiolingana, ulitokea 1991. Picha ambayo familia inaapa ni ya babu wa miaka ya 1930 inaweza kuanguka kwa kasia moja. Waambie kwa upole.

Ukienda kuwahoji wazee, usianze na mashindano. Hadithi ya mbio wamekwishaisimulia hadi imelainika, na mara nyingi chati inakataa. Muulize mzee alilipa kiasi gani kwa muhula, alikula nini kabla ya mazoezi ya asubuhi, fundi alikuwa nani na alimwitaje. Hapo atanyamaza kidogo, kisha yatamtoka mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kabla ya kuchapa picha au barua ya mtu aliye hai, pata ruhusa yake kwa maandishi. Mtunza nyaraka wa chuo atakuelekeza, na ni vizuri kumfanya rafiki tangu siku ya kwanza.

Faharasa ya majina ianze mapema, usiiache iwe kazi ya wiki ya mwisho. Wahitimu wakikipata kitabu watafungua kurasa hizo kwanza kujitafuta wenyewe. Sisi tuliwaingiza na mafundi wote tuliowapata kwenye daftari, kwa herufi zile zile na katika mpangilio ule ule wa alfabeti, wakiwa katikati ya manahodha. Barua ya kwanza tuliyopokea baada ya kitabu kutoka ilikuwa ya mjukuu wa mmoja wao, akiuliza kama kuna ukurasa mwingine.