Jibu: Kupanga Main Street, Jinja (Uganda), inafaa?

Dada, umeuliza kama chumba cha ghorofani pale Main Street kinashinda nyumba mpya za nje ya mji. Nimeishi pale miaka minne. Majengo yale yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi enzi za ukoloni, na mengine bado yana mwaka wa ujenzi usoni. Kuta nene, dari iko juu, baraza lina kivuli; mchana wa jua kali huna haja ya feni. Sokoni unakwenda kwa miguu.

Sasa paa. Mabati ya zamani yanavuja, na masika moja nililala na ndoo mbili miguuni. Mwenye nyumba akawa anasema "fundi yuko njiani" mpaka nikahama.

Lakini kubwa zaidi ni hati. Wahindi walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 majengo yao yalichukuliwa, kisha mengi yakarudishwa kwa wenyewe, hasa miaka ya 1990. Kwa hiyo usitoe hata shilingi kabla hujajua anayepokea kodi ni nani hasa. Mwenyewe halisi akitokea, godoro lako litakuwa barabarani.

Kelele za baa wikendi utazizoea. Watalii wamepandisha bei ya kahawa, ila matoke bado tunamudu.